Mashine za kamari Eldoret: Zinavyofanya kazi, sheria inavyosema na jinsi ya kujihami

MASHINE ya kamari ni sanduku la kielektroniki linalopokea sarafu, kuwasha taa, kupiga muziki na kwa nadra kurudisha sarafu nyingi kuliko zilizotiwa. Wakenya wengi waliizoea kwa jina la "mashine ya Wachina", kwa sababu nyingi za sampuli iliyoenea madukani na vibandani ziliundwa China. Nchini Tanzania mashine za aina hiyo hujulikana pia kama dubwi.

Makala haya yanaeleza asili ya mashine hizo, hesabu inayoziendesha, kinachoufanya moyo wa mchezaji ugandamane nazo, sheria ya Kenya inavyozichukulia, na hatua anazoweza kuchukua mtu binafsi au familia kabla mambo hayajaenda mrama.

Eldoret ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili. Mji huo, ulio makao makuu ya Kaunti ya Uasin Gishu, ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji na Rais William Ruto tarehe 15 Agosti 2024, na hivyo kuwa jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Fedha nyingi za Eldoret hupita mikononi zikiwa taslimu na kwa vipande vidogo vidogo. Mwendeshaji bodaboda hulipwa kila safari, kibarua wa ujenzi hulipwa jioni, na mama mboga huhesabu mapato yake sokoni kabla jua halijazama. Aidha, kuna fedha zinazoingia kwa msimu: mkulima wa mahindi hupata donge lake baada ya mavuno, naye mwanafunzi wa chuo kikuu hupokea mkopo wa masomo mwanzoni mwa muhula.

Kamari ya mashine huvuna vizuri zaidi penye fedha za namna hiyo. Haidai mtaji mkubwa. Inachohitaji ni sarafu ya shilingi 10 au 20, na mtu aliye na dakika chache za kupoteza.

Mashine ilivyo

Sampuli iliyoenea zaidi katika mitaa ya Kenya ina ubao wenye picha zilizopangwa kwa mzunguko: tofaa, chungwa, kengele, tikitimaji, nyota, tarakimu za saba mbili na kadhalika. Mchezaji hutia sarafu, akabonyeza kitufe cha picha aitakayo, kisha akaanzisha mchezo. Taa hukimbia kuzunguka ubao, mwendo ukapungua, hatimaye ikasimama kwenye picha moja. Ikiwa ndiyo aliyoichagua, hulipwa dau lake mara kadhaa. Picha zenye malipo madogo hutokea mara nyingi, ilhali zile zenye malipo makubwa hutokea kwa nadra mno.

Mtazamaji hudhani kwamba taa ile hupungua mwendo kama gurudumu la baiskeli linaloishiwa nguvu. La hasha. Mara mchezaji anapobonyeza kitufe cha kuanza, programu iliyo ndani huamua papo hapo mahali taa itakaposimama. Mbio zote zinazofuata ni maonyesho tu. Hata mchezaji angekodoa macho vipi, au angegonga kitufe kwa ustadi gani, hakibadiliki kitu.

Jambo la pili ambalo wachezaji wengi hawalifahamu ni kwamba mashine nyingi za sampuli hiyo zina mpangilio wa ndani unaomwezesha mwenyewe kuamua kiwango cha malipo. Anaweza kuilegeza au kuikaza. Katika kasino iliyopewa leseni na kukaguliwa ipasavyo, mashine hupimwa ili kuthibitisha kwamba inarejesha kiwango kilichotangazwa. Mashine iliyowekwa nyuma ya pazia la duka bila leseni haina anayeikagua. Mchezaji hana njia ya kujua imekazwa kiasi gani.

Asili yake

Mashine za aina hii zina historia ya zaidi ya karne moja. Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Fey, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia San Francisco, Marekani, aliunda mashine yenye magurudumu matatu na kuiita Liberty Bell. Ilifanya kazi kwa springi na meno ya chuma. Picha tatu za kengele zilipokaa kwenye mstari mmoja, mchezaji alipata zawadi kubwa zaidi.

Katika miaka ya 1960, kampuni ya Bally ya Marekani iliingiza umeme katika mitambo hiyo. Katika miaka ya 1970 zikaja mashine zenye skrini. Lakini mageuzi makubwa zaidi yalitokea mwaka 1984, pale Inge Telnaes, mtaalamu wa hesabu mwenye asili ya Norway, alipopata hataza Marekani ya mfumo ambao magurudumu yanayoonekana hayaamui tena matokeo. Kompyuta huchagua nambari kwa nasibu, kisha magurudumu huamriwa yasimame mahali panapolingana na nambari hiyo.

Uvumbuzi huo ulibadilisha uhusiano baina ya mchezaji na chombo. Katika mashine ya zamani, mtu angeweza kuhesabu picha na kukadiria nafasi yake. Kwa mfano, gurudumu likiwa na picha 20, na yakiwa magurudumu matatu yenye kengele moja moja, uwezekano wa kupata kengele tatu ni mara 1 katika michezo 8,000, yaani 20 mara 20 mara 20. Baada ya 1984, macho hayakuwa tena shahidi wa kuaminika. Picha inayoonekana kama moja kati ya 20 yaweza kuwa na nafasi ndogo zaidi ya hiyo ndani ya kompyuta.

Hesabu isiyokwepeka

Kila mashine ya kamari ina asilimia ya marejesho. Hiki ni kiwango cha wastani ambacho hurudishwa kwa wachezaji wote kwa jumla, baada ya michezo mingi sana. Kinachosalia ni pato la mwenye mashine.

Tuchukue mfano wa mashine inayorejesha asilimia 80. Kwa kila dau la shilingi 20, mchezaji hupoteza wastani wa shilingi 4. Huenda mtu akasema kwamba shilingi 4 si kitu. Hata hivyo, mchezo mmoja huchukua kama sekunde 10. Kwa dakika moja atacheza mara sita, na kwa saa moja mara 360. Madau yake kwa saa hiyo yatafika shilingi 7,200, na hasara yake ya wastani itakuwa shilingi 1,440.

Msomaji atauliza: mtu aliyeingia na shilingi 400 pekee anawezaje kuweka madau ya shilingi 7,200? Jibu ni kwamba hawezi, na hapo ndipo penye siri ya mchezo. Mchezaji hurudisha ndani kile alichoshinda. Akizizungusha shilingi 400 zote mara ya kwanza, kwa wastani atabaki na 320. Akizirudisha hizo, atabaki na 256. Zikirudi tena, zitasalia kama 205, kisha 164. Kwa mwendo huo wa sekunde 10 kwa kila mchezo, shilingi 400 hutosha wastani wa michezo 100 pekee, yaani dakika zisizozidi 17. Njiani atakuwa ameshinda mara kadhaa, na kila ushindi utamtia moyo. Ndiyo sababu watu wengi hutoka mahali hapo wakiwa na kumbukumbu ya ushindi na mfuko mtupu kwa pamoja.

Baadhi ya wachezaji huamini kwamba mashine "iliyokula" muda mrefu iko karibu "kutapika". Kwa mashine inayochagua matokeo kwa nasibu, imani hiyo ni potofu. Kila mchezo husimama peke yake, haukumbuki uliotangulia. Sarafu iliyoangukia upande wa kichwa mara tano mfululizo haina deni la kuangukia upande wa pili mara ya sita.

Wengine hutumia mbinu ya kuongeza dau maradufu kila wanaposhindwa, wakitumaini kwamba ushindi mmoja utafidia yote. Anayeanza na shilingi 20 na kushindwa mara sita mfululizo atakuwa ameshapoteza shilingi 1,260. Mchezo wa saba utamdai shilingi 1,280. Akishinda, hata kama atalipwa maradufu ya dau lake, faida yake halisi baada ya jasho lote hilo ni shilingi 20.

Kwa nini ni vigumu kuondoka

Ingekuwa hesabu pekee inatosha, mashine hizi zingekwisha zamani. Mvuto wake umejengwa juu ya namna bongo za wanadamu zinavyopokea tuzo.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika majaribio yake ya karne ya 20 kwamba njiwa anayepewa chakula kwa vipindi visivyotabirika hudonoa kitufe kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko yule anayepewa kila baada ya idadi maalumu ya midonoo. Tuzo isiyojulikana itakuja lini hufunga kwa kamba ngumu kuliko tuzo ya uhakika. Mashine ya kamari hufuata kanuni hiyo.

Kadhalika, kuna suala la kukosa kwa tundu la sindano. Taa ikisimama picha moja kabla ya ile aliyoichagua mchezaji, huhisi kwamba alikaribia kushinda. Kihesabu, kukosa kwa hatua moja na kukosa kwa hatua kumi ni mamoja. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kukosa kwa karibu huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea.

Ongeza hapo kasi. Anayenunua tiketi ya bahati nasibu hungoja droo, na anayebashiri kandanda hungoja dakika 90. Katika kungoja huko kuna nafasi ya kutafakari, kula, kulala, hata kukemewa na mke au mume. Mashine haimpi mchezaji nafasi hiyo. Mchezo unapokwisha, mwingine uko tayari kuanza.

Kwa sababu hizo, uraibu wa kamari si suala la upumbavu wala ulegevu wa tabia pekee. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua kama maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikauhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeuweka katika kundi la maradhi yatokanayo na tabia za uraibu.

Zilivyoenea Kenya

Kwa zaidi ya nusu karne, kamari nchini Kenya ilitawaliwa na Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 1966, Sura ya 131. Sheria hiyo iliunda bodi ya kudhibiti na kutoa leseni, iliyofahamika kwa kifupi kama BCLB. Ilitungwa katika zama za kasino chache za watalii na bahati nasibu za karatasi. Haikuwazia sanduku la taa katika kibanda cha mkaa, sembuse simu ya mkononi.

Katika miaka ya 2010, mashine za sarafu zilisambaa kwa kasi kutoka miji mikubwa hadi vituo vya biashara vya mashambani. Mpango wa kawaida ulikuwa rahisi: mwenye mashine huleta sanduku, mwenye duka hutoa nafasi na umeme, nao hugawana mapato. Kwa mwenye kibanda, hilo lilikuwa pato lisilodai mtaji. Kwa jirani zake, ilikuwa kasino mlangoni, karibu na shule na kituo cha matatu.

Malalamiko yalipozidi kutoka kwa wazazi, machifu na viongozi wa dini, serikali ilianzisha msako mkali mwaka 2018 ukiongozwa na Dkt Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Mashine nyingi zilinaswa katika sehemu mbalimbali za nchi na nyingine kuteketezwa hadharani. Mwaka uliofuata serikali iligeukia kampuni za kubashiri: Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, kwa madai yaliyohusu ulipaji wa kodi.

Moto ule wa 2018 uliteketeza mbao na nyaya. Hamu ya kucheza haikuteketea, wala sababu zake: ukosefu wa ajira, mapato yasiyotabirika na ndoto ya kupata mtaji kwa siku moja.

Sanduku lahamia mfukoni

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mikopo ya M-Shwari ilifuata Novemba 2012, na Fuliza, inayomwezesha mteja kutumia zaidi ya alicho nacho, ikaanza Januari 2019. Huduma hizi zimewafaa mamilioni kwa mambo ya maana. Hata hivyo, zimeondoa pia kizuizi kimoja cha kale: zamani, mcheza kamari aliyeishiwa na sarafu alilazimika kurudi nyumbani.

Michezo ya simu imerithi kanuni zote za mashine ya sarafu. Katika Aviator, mchezo uliobuniwa na kampuni ya Spribe, ndege huruka kwenye skrini huku kizidisho kikipanda, na mchezaji hutakiwa kutoa fedha zake kabla ndege haijatoweka. Mzunguko mmoja huweza kwisha kwa sekunde chache. Mchezaji huhisi kwamba anaamua kwa akili yake, lakini wakati wa ndege kutoweka umeshawekwa na programu, na kwa wastani wa michezo mingi mwenye mchezo hubaki na faida.

Utafiti wa kampuni ya GeoPoll wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa kupitia simu walikuwa wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichokuwa cha juu kabisa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikishwa. Ni muhimu kusoma takwimu hiyo kwa uangalifu. Inahusu waliowahi kucheza, hata kama ni mara moja; haimaanishi kwamba wote ni waraibu.

Mwishoni mwa Aprili 2025, BCLB ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, hatua iliyotokana na malalamiko kwamba matangazo hayo yalikuwa yakiipamba kamari kama njia ya kujipatia riziki.

Sheria inasemaje?

Mwezi Agosti 2025, Rais Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuweka msingi wa mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Kama ilivyokuwa awali, mtu asiyetimiza umri wa miaka 18 haruhusiwi kushiriki kamari, na biashara ya kamari haiwezi kuendeshwa bila leseni.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa Eldoret wanastahili kulifahamu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa jukumu hili mara mbili. Serikali ya kitaifa inasimamia kamari za kiwango cha kitaifa. Serikali za kaunti nazo zimepewa burudani za umma, zikiwemo kamari na kasino, katika maeneo yao. Kwa maneno mengine, mashine iliyo katika mtaa wa Langas, Huruma, Munyaka au Maili Nne si suala la Nairobi peke yake. Mkazi anaweza kumuuliza diwani wake ni nani aliyetoa kibali, kwa masharti gani, na umbali gani kutoka shule.

Mfanyabiashara naye asidanganyike kwamba kibali cha biashara ya kawaida kinamruhusu kuweka mashine. Leseni ya kuuza sukari na sabuni si leseni ya kamari. Mashine ikinaswa, mwenye kibanda ndiye anayepatikana pale, wala si aliyeileta.

Majirani na mataifa mengine

Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2016 iliweka umri wa chini wa kucheza kamari kuwa miaka 25, na Januari 2019 serikali ya huko ilitangaza kwamba haingetoa leseni mpya za kampuni za kubashiri michezo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Uingereza, baada ya mjadala wa miaka mingi kuhusu mashine zilizokuwa zikiwafilisi wateja wa maduka ya kamari, ilishusha dau la juu la mashine hizo kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mchezo mmoja mnamo Aprili 2019. Norway ilienda mbali zaidi. Iliondoa mashine zote za kamari kutoka maeneo ya umma mwaka 2007, kisha ikaruhusu aina mpya chini ya kampuni ya serikali, ambazo mchezaji huzitumia kwa kadi yenye jina lake, akiwa na kikomo cha hasara na mapumziko ya lazima.

Mifano hiyo inafunza jambo moja. Nchi hizo hazikutosheka kumwomba mchezaji ajizuie. Zilipunguza pia kasi na uzito wa pigo lenyewe.

Maana ya kucheza kwa kiasi

Tangazo la kamari aghalabu humalizikia kwa kumhimiza mtu acheze kwa kuwajibika. Ushauri huo ni mzuri, lakini una upungufu wake. Humtwisha mzigo wote mtu aliyesimama mbele ya chombo kilichobuniwa kwa ustadi ili asiondoke. Wajibu huo una sehemu tatu: wa mchezaji, wa mwenye biashara na wa serikali. Ukimwachia mmoja pekee, jahazi litaenda mrama.

Kwa upande wa mchezaji, njia iliyo salama zaidi ni kutocheza kabisa, na dini kubwa za Wakenya zinaelekeza huko. Uislamu unaiharamisha kamari waziwazi. Kwa mtu mzima anayeamua kucheza hata hivyo, wataalamu hupendekeza mambo yafuatayo:

Kwanza, aihesabu fedha ya kamari kuwa gharama ya burudani, kama tiketi ya mpira, na si mtaji wala akiba. Fedha iliyokwisha tengwa kwa kodi ya nyumba, karo, mbolea au chakula isiguswe.

Pili, aweke kikomo cha fedha na cha muda kabla hajaanza, akiandike, na asikisogeze. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shilingi 100 zinazopotea kila siku ni shilingi 36,500 kwa mwaka.

Tatu, asikope kamwe ili acheze, iwe kwa Fuliza, kwa rafiki au kutoka kwa chama.

Nne, asifukuze hasara. Kurudi ili kukomboa kilichopotea ndiko kunakogeuza hasara ya siku moja kuwa msiba wa mwezi.

Tano, asicheze akiwa amelewa, amekasirika au ana huzuni.

Dalili za hatari

Mwaka 2001 wataalamu wa Canada walitunga maswali tisa ambayo hadi leo hutumika katika nchi nyingi kupima uzito wa tatizo la kamari. Kwa muhtasari, yanauliza kama katika miezi 12 iliyopita mtu amecheza zaidi ya uwezo wake. Amehitaji madau makubwa zaidi ili apate msisimko uleule. Amerudi siku nyingine kukomboa hasara. Amekopa au kuuza kitu ili acheze. Amehisi kwamba ana tatizo. Ameathirika kiafya kwa wasiwasi. Amelaumiwa na watu. Ameiletea familia shida ya fedha. Na kama ameona hatia juu ya uchezaji wake.

Katika maisha ya hapa petu, dalili hizo huja kwa sura zinazotambulika. Simu huwekwa nywila mpya na kugeuzwa kifudifudi. Vitu vya nyumbani huanza kupungua: redio, mtungi wa gesi, kisha gunia la mahindi. Mwendeshaji bodaboda hushindwa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake siku tatu mfululizo. Mwanafunzi hukosa mtihani kwa kutolipa karo ambayo nyumbani ilishatumwa.

Familia ifanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuzungumza wakati wa utulivu, kwa takwimu na bila matusi. Aibu humfanya mraibu afiche zaidi, na kuficha hulisha uraibu. Hatua ya pili ni kulinda mali: kuhamishia mapato makubwa, kama malipo ya mahindi, katika akaunti ya ushirika wa akiba na mikopo inayohitaji sahihi ya zaidi ya mtu mmoja. Hatua ya tatu ni kutokimbilia kumlipia madeni yote bila masharti, kwani deni lililofutwa kimyakimya hufungua nafasi ya jipya. Anayecheza kwa simu anaweza pia kuiomba kampuni iifunge akaunti yake, na kuifuta programu kwenye simu.

Uraibu ukikolea, mtaalamu huhitajika. Mjini Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina huduma za afya ya akili, na mgonjwa anaweza pia kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye na kuomba barua ya rufaa. Ushauri nasaha hutolewa vilevile na idara za wanafunzi vyuoni. Makundi ya waraibu wanaosaidiana, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1957, hufuata njia sawa na ile ya walevi wanaoacha pombe.

Mtu aliyelemewa na madeni akianza kuzungumzia kujidhuru, asipuuzwe wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini mara moja. Familia isizuiwe na hofu ya polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba.

Wakazi wa Uasin Gishu wamewahi kuiona serikali ikichoma mashine, na wameziona fedha zikihamia kwenye simu. Msako hupita, hesabu ya mashine haipiti. Kati ya kila shilingi 100 zinazoingia katika sanduku la mfano wetu, 20 hubaki kwa mwenyewe, leo, kesho na keshokutwa. Baba anayeweza kumweleza mwanawe hesabu hiyo kwa penseli na karatasi, kabla mtoto huyo hajapata simu yake ya kwanza, atakuwa amefanya kazi ambayo moto wa 2018 haukuimaliza.